Nani Kasema? Kutafuta Nasaba kwa Kompyuta

Siku hizi karibu kila ukoo una grupu lake la WhatsApp, na iko siku katikati ya salamu za Ijumaa na picha za arusi huzuka swali zito. Kijana aliyeko Maskati au Toronto anauliza: “Jamani, baba yake babu aliitwa nani kamili, na kwao hasa wapi?” Majibu yanamiminika. Shangazi anasema Pangani. Baba mdogo anasema sivyo, kwao Mtang’ata, Pangani alihamia kwa mke. Binamu anatuma picha ya karatasi iliyokunjwa mpaka maandishi ya kwenye mkunjo yamekatika. Wiki ikipita, yote hayo yamezama chini ya ujumbe mwingine, na mwakani kijana mwingine atauliza lile lile.

Nimefanya kazi ya ukarani wa masjala hapa Tanga mpaka kustaafu, kwa hiyo ukoo wetu ulipoamua nasaba iingizwe kwenye kompyuta, macho yote yalinigeukia mimi. Nilikubali kwa moyo mmoja. Masjala ina sheria yake: karatasi haiingii kwenye jalada bila namba, tarehe iliyopokelewa na jina la aliyeileta. Nasaba naiendesha kwa sheria hiyo hiyo. Wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia majina, wakitaka mti urefuke upesi. Mimi kabla ya jina nauliza: nani kasema? Alikuwepo, au naye aliambiwa? Na aliyemwambia alipata wapi? Wanachuoni walihifadhi hadithi za Mtume kwa njia hiyo, kila kauli na mlolongo wa wasimulizi wake, na habari za mababu zetu nazo zinastahili uangalifu wa namna hiyo. Programu za nasaba zina nafasi ya kuandika yote hayo. Watumiaji ndio wanaoziruka nafasi hizo, na baada ya miaka michache wanabaki na uvumi uliopangwa vizuri.

Kazi ya kwanza haihitaji intaneti hata kidogo. Inahitaji simu yenye kinasa sauti, na mzee aliyeshiba na asiye na haraka. Zima feni na redio, laza simu karibu naye kwenye mkeka, kisha useme mwanzoni kabisa: leo ni tarehe fulani, tuko mahali fulani, anayezungumza ni fulani, mtoto wa fulani. Baada ya hapo nyamaza. Wazee hawasimulii nasaba kwa kushuka kizazi baada ya kizazi. Wanasimulia shamba la minazi lililouzwa kwa hasira, arusi iliyoharibiwa na masika, mtu aliyekwenda Pemba msimu wa karafuu akaoa huko asirudi. Ukimkatiza bibi ili akupe majina kwa mpangilio, atakupa majina, lakini visa vitakwisha, na ndani ya visa ndimo mlimo ushahidi.

Miaka pia hawaisemi kwa tarakimu. Bibi akikwambia mama yake alikuwa mwari walipopigana Mjerumani na Mwingereza hapa mjini, hilo ni jibu kamili: vita vya Tanga vilipiganwa mwanzoni mwa Novemba 1914, kwa hiyo huyo mama alizaliwa pengine kati ya 1898 na 1902. Kila mahali pana alama zake za namna hii. Unguja wana kimbunga cha Aprili 1872 kilichong’oa mikarafuu. Kusini mwa Tanganyika wana Maji Maji, 1905 hadi 1907. Wengi wanayo homa kuu ya 1918, na wengine wakati rupia ilipoondoka ikaja shilingi, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Programu nzuri inakubali tarehe za namna hii bila kukulazimisha kubuni siku na mwezi. Unaandika “kati ya 1898 na 1902”, au “kabla ya 1905”, nayo inajua kuzipanga.

Kitu kingine cha kutafuta nyumbani ni msahafu wa zamani. Familia nyingi za pwani zimeandika vizazi na vifo kwenye kurasa za mwanzo au za mwisho, kwa hati za Kiarabu. Katika msahafu wa upande wa mama yangu upo mstari unaosema kwamba mtoto wa kike alizaliwa usiku wa Jumamosi, tarehe 12 Rajabu, mwaka 1348. Programu ninayotumia mimi, Gramps, ina kalenda ya Hijria ndani yake. Unachagua kalenda, unaandika tarehe kama ilivyo msahafuni, nayo inakulinganishia na 14 Desemba 1929. Nikatazama siku ya wiki: 14 Desemba 1929 ilikuwa Jumamosi kweli. Siku na tarehe vimekubaliana, na hilo si dogo, maana mwezi huandama kwa kuonekana, na hesabu ya kompyuta inaweza kupishana siku moja na ya msikiti wa mtaani.

Lakini soma tena: usiku wa Jumamosi. Kwa wazee wetu siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Jumamosi ni ule wa kuamkia Jumamosi. Kama mtoto alizaliwa kabla ya saa sita za usiku, kwa kalenda ya ofisini ilikuwa bado Ijumaa, tarehe 13. Nimeiandika hivyo, “13 au 14 Desemba 1929”, na katika sehemu ya maelezo nimenakili maneno ya msahafu neno kwa neno. Pasipoti ya mtoto huyo huyo, aliyekuja kuwa mama mkubwa wangu, inasema alizaliwa 1 Januari 1933. Sikuifuta. Pasipoti ni chanzo, msahafu ni chanzo, na Gramps inaniruhusu kuweka tarehe zote mbili kwa mtu mmoja, kila moja na ushahidi wake, na kusema imani yangu kwa kila ushahidi ni kubwa au ndogo. Mjukuu wake akitaka kujua kwa nini karatasi za serikali hazilingani na umri aliotajiwa, jibu lipo hapo.

Gramps ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2001 na inaendelezwa na watu wanaojitolea, nayo hufanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Ukishaipakua haidai bando tena, na kwa sisi ambao intaneti huja na kuondoka hilo ni jambo kubwa. Zipo za kununua pia, kama RootsMagic na Family Tree Maker, na zina mapambo zaidi. Sitagombana na mtu juu ya ipi bora. Nitashikilia sharti moja tu: iweze kutoa faili la GEDCOM. Huu ni mtindo wa kuandika nasaba katika maandishi matupu, ulioanzishwa mwaka 1984, na karibu kila programu ya nasaba duniani inausoma. Programu hufa. Ile iliyokuwa maarufu kuliko zote za bure, Personal Ancestral File, ilisimamishwa mwaka 2013. Waliokuwa na GEDCOM walihamisha mababu zao bila tabu kwenda kwingine.

Ukishaifungua programu utagundua kwamba waliobuni programu hizi hawakuwa na ukoo kama wetu akilini, lakini zinakunjika zaidi kuliko watu wanavyodhani. Chukua ndoa. Programu hufungua rekodi ya familia kwa kila ndoa: mume, mke, na watoto wa ndoa hiyo. Babu aliyeoa wake watatu na kumwacha wa pili anakuwa na rekodi tatu, talaka inaandikwa kwenye ile ya pili, na kila mtoto anaonekana chini ya mama yake. Hakuna wa kuitwa mtoto wa kambo wakati si wa kambo. Jina la ukoo ndilo linalosumbua. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, na jina la babu hubadilika kila kizazi. Ndani ya Gramps unaweza kusema kwamba jina la mwisho ni la baba, siyo la ukoo, na programu haitadhani kwamba watu wote wanaoitwa Hamisi ni familia moja. Ndugu wa kunyonya nao wana pahala: ipo sehemu ya mahusiano ambamo unaandika uhusiano kwa maneno yako mwenyewe. Usiiache tupu. Kunyonya pamoja kunazuia ndoa, na wanaojua nani alimnyonyesha nani ni akina mama wachache waliobaki.

Kuna sehemu nyingine ambayo naipenda kuliko zote katika programu hizi, nayo ni kile kisanduku cha mama. Shajara zetu nyingi za nasaba, zile zilizoandikwa kwa wino mzuri na kutundikwa ukutani, ni za wanaume: fulani bin fulani bin fulani, vizazi tisa, kumi, hata kufika Hadhramaut au Shirazi. Wanawake hawamo. Kompyuta haijui adabu hiyo. Kwa kila mtu inafungua visanduku viwili, cha baba na cha mama, na cha mama kikiwa kitupu kinakutazama mpaka uende ukaulize. Mimi nilikwenda. Niliuliza kwa upole, kwa shangazi zangu walio wakubwa, mmoja mmoja, faraghani. Ndipo nilipoambiwa kwamba mama wa mmoja wa hao mababu wa kwenye shajara alikuwa suria, aliyeletwa kutoka upande wa ziwa Nyasa akiwa mtoto. Jina alilopewa hapa pwani lilikumbukwa. Jina alilozaliwa nalo hakuna anayelijua.

Nimemwandika. Wako waliotaka asiandikwe, nami niliwajibu kwa heshima kwamba watoto wake walirithi kama watoto wengine, na damu yake iko ndani yetu sote tuliokuwa tukizungumza. Amri ya kufuta utumwa Unguja ilitoka mwaka 1897, lakini masuria waliachwa nje yake mpaka 1909. Hawa ni watu wa jana. Kama ukoo wako una mtu aliyekombolewa, baadhi ya karatasi zipo. Waliokombolewa walikaa Freretown karibu na Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS katika miaka ya 1870. Walikaa Mbweni, Unguja, chini ya misheni nyingine ya Kianglikana, UMCA. Walikaa Bagamoyo kwa mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika pale mwaka 1868. Nyaraka za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, na za UMCA ziko maktaba ya Bodleian, Oxford. Orodha za majalada yao unaweza kuzipekua ukiwa nyumbani kwako, ukajua cha kuomba kabla hujaandika barua.

Sasa tuingie mtandaoni. Tovuti kubwa ya bure ni FamilySearch. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, makao makuu yake yakiwa Salt Lake City huko Marekani. Shirika lililoizaa lilianzishwa mwaka 1894, na tangu 1938 lilikuwa likipiga filamu rejista za makanisa na serikali duniani. Filamu zipatazo milioni 2.4 zilikamilika kuhamishiwa kwenye mfumo wa kompyuta mwaka 2021. Sehemu kubwa ni za Ulaya na Amerika. Kwa Afrika wamekuwa pia wakituma watu vijijini, Ghana na Nigeria wakiwemo, kurekodi nasaba kutoka vinywani mwa wazee, kazi ambayo naiheshimu. Msomaji ajue pia kwamba kanisa hilo lina imani ya kufanya ibada kwa niaba ya waliokufa, na nasaba kwao ni sehemu ya dini. Kila familia ipime yenyewe itaweka nini humo. Jambo la pili: mti wao ni mmoja kwa dunia nzima, na mwenye akaunti yeyote anaweza kubadili habari za marehemu wako. Mabadiliko yanawekwa kumbukumbu na yanaweza kurudishwa, lakini lazima uwe unafuatilia. Ndiyo maana mti wa ukoo wetu unakaa kwenye kompyuta yangu, na mtandaoni naenda kutafuta tu.

Wengi hutafuta babu yao kwenye rejista za vizazi na kukata tamaa. Sababu ni ya kisheria. Kwa miaka mingi ya ukoloni, Kenya na Tanganyika, kusajili kizazi kulikuwa lazima kwa Wazungu na Waasia, na Mwafrika hakuguswa na sharti hilo. Babu yako hayumo kwa sababu wakoloni hawakutaka kumwandika. Basi mtafute pale walipolazimika kumwandika: kwenye ardhi, kwenye kesi, kwenye leseni, kwenye jeshi, na kwenye mirathi.

Hazina ambayo wasomaji wengi hawaijui ni gazeti rasmi la serikali. La Kenya lilianza kutoka mwaka 1899, na matoleo yake yameskaniwa na yanasomeka bure katika Google Books na kwenye tovuti ya Kenya Law. Matoleo ya nchi nyingine za Afrika, Tanganyika, Zanzibar na Uganda zikiwemo, yanakusanywa kwenye tovuti ya gazettes.africa. Tangazo moja la mirathi linaweza kukupa jina la marehemu, mahali alipofia, tarehe ya kufa, jina la anayeomba kusimamia mali na uhusiano wake na marehemu. Mistari minne au mitano inafanya kazi ya mahojiano ya mchana mzima.

Kutafuta humo kuna ufundi wake, na hapa nitakaa kidogo. Kompyuta husoma kurasa hizo kwa kubahatisha umbo la herufi. Wino ukififia, m huonekana kama r na n zilizoshikana, kwa hiyo Hamisi anaweza kuwa amesomwa Harnisi, na Juma akawa Jurna. Tafuta yote mawili. Kisha kumbuka karani aliyeandika. Mwingereza aliandika Athman, Othman, Asumani, Athumani. Mohamed akawa Mahomed. Hamisi akawa Khamis, na Salimu mmoja akaitwa Salum kwenye ukurasa unaofuata. Mjerumani alikuwa na masikio yake: Juma aliweza kuwa Djuma au Dschuma, na Shaibu akawa Schaibu. Jamaa zetu waliovuka kwenda Kongo wanaandika Radjabu na Djuma mpaka leo, kwa mkono wa Kifaransa. Na kama tawi la ukoo lilishuka kusini, Ibo na Msumbiji, Mreno alimgeuza Mohamedi kuwa Momade, Hamisi kuwa Amisse, Hassani kuwa Assane na Yusufu kuwa Issufo. Niliwahi kukaa na familia moja iliyokuwa ikimtafuta mtu wao kwa jina la Hamisi bila kumwona, na tulipoandika Amisse tukaanza kuona watu. FamilySearch inakubali alama ya nyota mahali pa herufi usizozijua, kwa hiyo Ath*man itakuletea Athuman na Athman pamoja.

Onyo langu ni kwamba jina kulingana si ushahidi. Akina Juma bin Hamisi walikuwa wengi Tanga nzima. Taka mambo mawili zaidi yakubaliane, kama mtaa, jina la mke, kazi au mwaka, kabla ya kumwingiza mtu kwenye ukoo wako.

Kwa jeshi, tovuti ya Commonwealth War Graves Commission ina majina ya askari wapatao milioni 1.7 wa Jumuiya ya Madola waliokufa katika vita viwili vya dunia. Kwetu ilisemwa daima kwamba kaka yake bibi mzaa baba alikwenda Burma hakurudi. Sandukuni mwa bibi ilikuwepo karatasi ya jeshi yenye namba yake. Tovuti hiyo inakubali kutafuta kwa namba ya askari, na namba haina tahajia tano kama jina. Jibu lilikuja: kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, amekufa 12 Februari 1944, jina lake limo kwenye mnara wa East Africa Memorial, makaburi ya vita ya Nairobi.

Tarehe hiyo ina habari yake. Siku ile meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache. Watu karibu 1,300 walikufa, wengi wao wapiganaji wa mizinga kutoka nchi zetu hizi. Kaka yake bibi hakuwahi kuiona Burma. Kwenye programu nimeandika mahali pa kufa kuwa baharini, kwa ushahidi wa tume ya makaburi, na chini yake nimeliacha neno la bibi, “alifia Burma”, kwa kuwa hivyo ndivyo nyumba ile ilivyoamini maisha yao yote, na wanajeshi wa Afrika Mashariki huko ndiko walikokuwa wakipelekwa. Tulimsomea hitima, safari hii tukiijua siku yake.

Wa Vita ya Kwanza hawakupata hata hilo. Wapagazi waliobebeshwa risasi na unga nyuma ya majeshi walikufa kwa makumi ya maelfu, na majina yao hayakuchongwa popote. Tume hiyo yenyewe ilikiri katika ripoti ya mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kama babu wa babu yako alichukuliwa upagazi, andika ulichoambiwa sasa hivi. Huenda simulizi hiyo ndiyo kumbukumbu pekee aliyobaki nayo.

Nyaraka za Kijerumani zinaogopesha watu, na si ajabu. Majalada ya utawala wao yako Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Yale ya wizara ya makoloni ya Berlin, kundi la R 1001, yanafunguka kupitia mfumo wa invenio wa Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani. Mwandiko wa mkono wa nyaraka hizo hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi. Ipo programu iitwayo Transkribus, iliyokulia Chuo Kikuu cha Innsbruck huko Austria, ambayo unaipa picha ya ukurasa nayo inakuandikia herufi za kawaida. Hukosea hapa na pale, lakini inatosha kukuonyesha kama jina la kijiji chako limo, na hapo unajua ukurasa upi wa kumpelekea mtu anayekijua Kijerumani.

Kwa picha, tazama mkusanyiko wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Watu wa Kilimanjaro wasiache kupekua picha za misheni zilizowekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Southern California, zikiwemo za misheni ya Leipzig. Miswada ya msikiti wa Riyadha, Lamu, nayo imepigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Ni vitabu vya dini, ila vitabu vya namna hiyo mara nyingi hubeba majina ya waliovimiliki na waliovitoa wakfu. Na bado kuna mambo ambayo hayako mtandaoni na itabidi uyafuate kwa miguu: Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, masjala za ardhi, daftari za kadhi, rejista za ubatizo parokiani.

Kipimo cha vinasaba naulizwa sana. Ushauri wangu ni kwamba kisiwe cha kwanza. Asilimia wanazokupa ni makisio ya kukulinganisha na watu waliokwisha kupimwa, na wa kwetu waliopimwa bado ni wachache. Halafu ukitoa mate yako umetoa na siri za ndugu zako ambao hawakuulizwa. Mwaka 2023 taarifa za wateja milioni 6.9 wa kampuni ya 23andMe ziliibwa, na mwaka 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa kufilisika.

Siri za walio hai ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko za wafu. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, na Tanzania ina yake ya 2022. Tarehe ya kuzaliwa, jina la mama na picha ya kitambulisho ni vitu ambavyo tapeli anavitafuta, na ndivyo watu wanavyovimwaga kwenye grupu. Katika Gramps kila mtu na kila habari ina alama ya kufuli. Ukiifunga, basi unapotoa nakala ya kugawa unaiambia programu iache vilivyofungwa na iwafiche walio hai. Talaka, ugonjwa, mtoto aliyepatikana nje ya ndoa, hayo nimeyafunga, na yanabaki yamefungwa. Na tukiwa bado kwenye grupu: picha nataka nitumiwe kama waraka na siyo kama picha, maana WhatsApp huzibana mpaka sura zinafifia.

Faili letu lina nakala kwangu, nyingine kwenye fleshi ya binti wa kaka yangu aliyeko Dar es Salaam, na ya tatu iko kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo nywila yake tunaijua wawili. Kila Idd natoa nakala ya karatasi kwa herufi kubwa na kuipeleka kwa wakubwa ambao hawatumii simu. Wanaandika masahihisho pembeni kwa kalamu. Anayesahihisha anaandika na jina lake, na alilisikia wapi analolisema. Asiyeandika, sahihisho lake linakaa pembeni mpaka nimpigie simu.